Baiskeli ikigoma katikati ya triathloni: nibebe nini, na nianzie wapi?

Mkondo_wa_Meru

Habari za leo wakuu. Nimejiandikisha triathloni ya 70.3 (jumla yake kwa maili) ya Rubavu, Rwanda: kuogelea km 1.9 Ziwa Kivu, baiskeli km 90, kisha mbio km 21.1. Maji na mbio sina wasiwasi navyo. Kinachonitisha ni baiskeli kunizimikia km ya 40, kilimani, hakuna fundi wala kivuli.

Baiskeli ni ya barabarani, breki za diski, ekseli za kupenyeza, ringi za kaboni zenye kina cha mm 50, tairi 700x28 za tyubu, giya za umeme. Kwenye kamkoba cha chini ya siti nina tyubu moja, vijiti viwili vya kung'olea tairi na pampu ndogo. Basi.

Naomba wanaojua wanisaidie: niongeze nini humo, pancha naishughulikia kwa mpangilio gani ili isirudi tena baada ya km 2, na kanuni zinasemaje kuhusu kusaidiwa? Cheni nayo ikikatika ndiyo mwisho wa safari?

---

FundiSpoki

Mkuu, kwanza itoe hiyo tyubu ya akiba uitazame vali. Ringi ya mm 50 inataka vali ya mm 80. Ya mm 60 inachungulia kidogo tu na kichwa cha pampu hakipati pa kung'ata. Fupi zaidi ya hapo inazama kabisa ndani ya ringi. Kosa hili halionekani mpaka siku unapoihitaji tyubu yenyewe.

Pili, ekseli. Nyingi hufunguliwa kwa alenki (ufunguo wa pembe sita) ya mm 6. Alenki za kukunja karibu zote zinayo, ila ni fupi, na ekseli iliyokazwa na fundi mwenye mkono mzito haitafunguka kwayo. Jaribu nyumbani kwa kifaa kilekile utakachobeba. Ikikataa, fungua kwa alenki ndefu, paka grisi kidogo kwenye hesi, kisha kaza kwa kipimo kilichoandikwa kwenye ekseli yenyewe.

Kwenye kamkoba ongeza hivi: tyubu ya pili, mitungi miwili ya gesi ya CO2 ya kujazia tairi, ya gramu 16, na kichwa chake, viraka vya kubandika visivyotaka solusheni, kipande cha tairi kuukuu cha sm 3 kwa 6 kilichopunguzwa kingo, alenki ya kukunja yenye kikata cheni, masta linki (kiungo cha kuunganishia cheni iliyokatika) mbili za idadi ya giya zako, na pini moja ya kubandikia namba ya mshiriki. Hiyo pini utaona kazi yake hapo chini. Pampu usiitoe. Mtungi ukiufyatua vibaya umekwisha, pampu haiishi.

Kama unapanda ndege, taratibu za IATA, chama cha mashirika ya ndege, zinaruhusu abiria mitungi midogo isiyozidi minne, kila mmoja ujazo wa maji usiozidi ml 50, lakini kwa idhini ya shirika la ndege. Omba idhini hiyo kabla ya safari, tena kwa maandishi. Pale kaunta mwenye neno la mwisho ni mkaguzi, na sababu nyingine ya kuing'ang'ania pampu ni hiyo.

Sasa pancha.

Ukihisi nyuma inaelea kama unapita kwenye matope, usibane breki kwa nguvu na usikate kona. Punguza mwendo, toka nje ya lami kabisa. Kumbuka Rwanda magari hupita kulia, si kushoto kama kwetu, kwa hiyo ukingo wako ni wa kulia. Kama ni gurudumu la nyuma, peleka cheni kwenye sproketi ndogo kabisa kabla hujasimama. Gurudumu litatoka na kurudi bila ugomvi. Ilaze baiskeli ubavu wa kushoto, cheni ikitazama juu. Gurudumu likishatoka, USIGUSE mkono wa breki: pistoni zitasogea, pedi zitabanana, na diski haitaingia tena. Ikitokea, zitenganishe taratibu kwa kitu bapa cha plastiki. Kijiti cha tairi kinatosha.

Maliza upepo uliobaki. Minya tairi pande zote mbili, mzunguko mzima, kingo ziangukie kwenye mfereji wa katikati ya ringi. Watu huruka hatua hii halafu wanavunja vijiti. Anza kung'oa upande ulio mbali na vali, ng'oa ukingo mmoja tu, vuta tyubu nje, vali itoke mwisho.

Hapa ndipo pancha ya pili inapozaliwa. Mtu anachomeka tyubu mpya bila kujua ya kwanza iliuawa na nini. Tia pampu kidogo kwenye tyubu iliyotoboka, isikilize, iweke karibu na mdomo au shavu uhisi upepo, kisha isome:

Tundu moja upande wa nje: kitu kimechoma na huenda bado kimo kwenye tairi. Pima umbali wa tundu kutoka kwenye vali, utafute kwenye tairi umbali uleule, pande zote mbili kwa sababu hujui tyubu ilikuwa imegeukia wapi. (Ndiyo maana tairi hufungwa na maandishi yake yakiwa yamelingana na vali. Si urembo.)

Matundu mawili sambamba kama meno ya nyoka: tyubu imebanwa kati ya tairi na ringi kwenye shimo au jiwe. Upepo ulikuwa mdogo. Ndani ya tairi huna cha kutafuta. Kagua ringi kama imepasuka.

Tundu upande wa ndani, unaogusa ringi: utepe wa ringi umesogea na tundu la spoki limebaki wazi. Usogeze urudi, bandika kiraka juu ya hilo tundu la spoki.

Kuchanika shinani mwa vali: ilivutwa wakati wa kupampu. Kiraka hakishiki hapo, hiyo tyubu rudisha mfukoni.

Kwenye barabara zinazopitwa na malori adui mkubwa ni uzi wa chuma unaotoka kwenye tairi za malori zilizopasuka. Ni mwembamba kama unywele mnene, urefu mm 4 hivi, umezama ndani ya mpira kiasi kwamba kidole kikipita juu yake tairi ikiwa imelegea hakisikii kitu. Unatokeza pale tu uzito wako unapoikandamiza tairi. Kwa hiyo ipinde tairi kwa vidole gumba, igeuze nje-ndani kwenye eneo ulilopima, upitishe kitambaa au soksi. Kitambaa kikinasa, umeupata. Usijaribu kuushika kwa kucha. Uchokoe kwa ile pini ya namba, kutoka ndani kuusukuma nje. Mwiba wa mgunga ni rahisi zaidi maana unaonekana, ila ncha yake hukatikia ndani, hivyo ukiuvuta kwa nje usiseme umemaliza.

Kama tairi imechanika na tyubu itachungulia, weka kile kipande cha tairi kuukuu ndani, mgongo wake ukielekea tairi. Huna? Noti ya karatasi ikunje mara mbili, au ganda la jeli ya kula njiani. Itakufikisha ukipunguza upepo kidogo.

Kurudisha: itie tyubu mpya pumzi kidogo ipate umbo, ianzie kwenye vali, funga tairi ukimalizia kwenye vali. Ukishamaliza isukume vali juu kuelekea ndani ya tairi, halafu ivute tena, tyubu isije ikawa imekaliwa hapo. Zunguka tairi ukiibinya kando, upande huu na ule: ukiona hata mstari wa tyubu unachungulia chini ya ukingo, usiweke gesi. Itapasuka kwa mlio wa bunduki na umebaki na tyubu moja.

Mtungi ukifunguka unaganda baridi ya kuchoma ngozi, ushike kwa kitambaa. Gramu 16 kwenye tairi ya 28 inakupa kama psi 85 (psi ni kipimo cha upepo). Kama ringi zako ni zile zisizo na ndoano za kushika tairi, ukomo wake ni bar 5, yaani psi 72 na ushee, kwa hiyo usimwage mtungi wote. Soma maandishi kwenye ringi leo, usisubiri siku hiyo. Na CO2 hupenya kwenye mpira wa tyubu haraka kuliko hewa. Ukifika nyumbani itoe yote, jaza ya pampu.

Kwa mikono iliyozoea, kazi yote hii ni dakika 6 hadi 8. Fanya mazoezi kwa gurudumu la nyuma, mara tano, mikono ikiwa imelowa.

---

Kanuni_Kwanza

Fundi kamaliza upande wa vyuma. Upande wa kanuni:

Mshiriki mwenzako anaruhusiwa kukupa tyubu, pampu, viraka, hata maji na jeli. Haruhusiwi kukupa kitu kitakachomfanya yeye ashindwe kuendelea: gurudumu, helmeti, viatu, baiskeli nzima. Hapo mnaondolewa wote wawili. Mke, kocha, rafiki aliyesimama pembeni na gurudumu la akiba: hapana, huo ni msaada wa nje. Mafundi rasmi wa mashindano wakipita wanaruhusiwa, ila usiwapigie hesabu kwenye njia ya km 90.

Helmeti ibaki imefungwa kichwani. Unaweza kuifungua tu ukishatoka nje ya njia ya mashindano na kushuka, na iwe imefungwa tena kabla hujarudi njiani. Ukirekebisha pembeni acha tu ilivyo, kishawishi cha kuivua kwa joto ndicho kinachogharimu watu. Tyubu mbovu, mtungi mtupu, ganda la jeli: vyote mfukoni. Kutupa kitu njiani kuna adhabu.

Unaruhusiwa kusonga mbele kwa miguu ukiisukuma au kuibeba baiskeli. Hauruhusiwi kusonga bila baiskeli.

Sasa saa. 70.3 nyingi hufunga baiskeli saa 5 na dakika 30 baada ya mwanzo wako na mashindano yote saa 8 na dakika 30, lakini mwongozo wa mwaka husika ndio sheria, usome. Tufanye umeogelea dakika 45, T1 (pale unapotoka majini na kuchukua baiskeli) dakika 6. Zimebaki saa 4 na dakika 39. Kwa wastani wa km 22 kwa saa, km 90 ni saa 4 na dakika 5. Una akiba ya dakika 34. Pancha mbili zinaingia humo bila shida. Baiskeli ikifa kabisa zikiwa zimebaki km 3, kutembea km 5 kwa saa ni dakika 36 badala ya 8 za kuendesha, umepoteza 28: unafika. Zikiwa zimebaki km 5 kwa kutembea hufiki, itabidi ukimbie nayo. Viatu vya kliti, vile vinavyonasa kwenye pedeli, ukivivua vibebe.

Na jambo la mwisho ambalo watu hawalihesabu: ukirudi barabarani unakuta kundi lenye mwendo wa chini kuliko wako, una hasira, unajikuta umekaa mgongoni mwa mtu. Nafasi ni mita 12 kutoka gurudumu la mbele hadi gurudumu la mbele, na ukiingia humo una sekunde 25 kumpita. Adhabu ya kujificha upepo ni dakika 5. Pancha imekula 7, hasira imeongeza 5.

---

bi_pedeli

Niongezee kwenye cheni na giya, maana pancha imetendewa haki.

Cheni kutoka ndiyo tatizo la kawaida kuliko kukatika. Ikiangukia ndani kwenye fremu na bado mwendo upo, bonyeza giya ya mbele kuelekea sproketi kubwa na ukanyage kwa wepesi kabisa. Mara nyingi inapanda yenyewe. Ukihisi imebana, SIMAMA. Ukikanyaga kwa nguvu inajichomeka kati ya sproketi na fremu na inakwangua kaboni. Ukisimama, sukuma kihamisha-cheni cha nyuma kuelekea mbele kwa mkono wa kushoto cheni ilegee, kwa mkono wa kulia iweke kwenye meno ya chini ya sproketi, zungusha pedeli kinyumenyume. Sekunde 20.

Kukatika: mara nyingi ni kubadili giya huku umesimama kwenye pedeli kilimani. Si mwisho wa safari, mkuu. Kiungo kilichopinda kitoe kwa kikata cheni mpaka ncha zote mbili ziwe za kiungo chembamba, kile cha ndani. Masta linki huunganisha vyembamba viwili. Ukiacha kimoja kipana haitaingia na utadhani umenunua isiyo yake. Ipitishe cheni kwenye vile vigurudumu viwili vya nyuma kwa umbo la S, na uangalie kale kaulimi ka chuma kati yake: cheni ipite ndani yake, si juu yake. Ukisikia mkwaruzo mfululizo baada ya kuunganisha, ndipo ulipokosea. Masta linki iweke sehemu ya juu ya cheni, bana breki ya nyuma, kanyaga pedeli mpaka ilie "ta". Kama umelazimika kutoa na kiungo chembamba, cheni imepungua sm 2.5: usitumie sproketi kubwa ya mbele pamoja na kubwa ya nyuma, itang'oa kihamisha.

Masta linki ya giya 11 haifai kwenye 12. Hilo kagua nyumbani.

Giya za umeme. Kama ni AXS ya SRAM, betri ya mbele na ya nyuma ni aina moja: ya nyuma ikiisha, hamisha ya mbele kule, bakia na sproketi moja mbele. Vibonyezo vinatumia betri bapa ya CR2032, moja ya akiba haina uzito. Kama ni Di2 ya Shimano, betri ikielekea kuisha inakata mbele kwanza, nyuma inaendelea kwa muda. Mbele ikigoma usianze kuchezea skrubu, chagua giya za nyuma kwa uchoyo. Kwenye safari, AXS zichomoe betri, kwa sababu mtikisiko wa boksi huiamsha usiku kucha. Betri zilizochomolewa hukaa nawe ndani ya ndege, si kwenye mzigo wa chini. Di2 hakikisha hakuna nguo inayokandamiza kibonyezo.

Boksi pia ndilo linalopinda hanga, kile kipande cha aluminiamu kinachoshika kihamisha-cheni. Ukishaunganisha baiskeli, simama nyuma yake: sproketi na vile vigurudumu viwili viwe kwenye mstari mmoja wima. Kikielekea ndani kwenye spoki, usithubutu giya jepesi kabisa. Kihamisha kitaingia kwenye spoki na hapo umepoteza vyote. Njiani unaweza kuchomeka alenki ya mm 5 kwenye bolti yake na kuvuta nje taratibu, mara moja tu, kwa sababu aluminiamu ikipindwa mara ya pili hukatika. Nunua hanga ya fremu yako hasa, kila fremu ina yake, iweke kwenye kamkoba.

Ikikatika na huna: toa kihamisha, kata cheni, iunganishe moja kwa moja kutoka sproketi ndogo ya mbele hadi ya katikati nyuma, mahali inaponyooka. Ikipinda kidogo itapanda sproketi kubwa yenyewe na kukaza mpaka ikwame. Kanyaga kwa upole.

---

Mkondo_wa_Meru

Asanteni sana, vali yangu ni mm 60, nimeshaangalia 😅. Swali moja: baiskeli zinaweza kulala T1 kuanzia jana yake. Nimeambiwa nipunguze upepo kwa sababu jua litapasua tairi. Ni kweli?

---

FundiSpoki

Nusu kweli, mkuu. Piga hesabu: umejaza psi 75 kukiwa na nyuzi 20, hewa ya ndani ikipanda hadi 45 unapata kama psi 83. Tyubu iliyokaa vizuri haipasuki kwa psi 8. Zinazopasuka T1 ni zile zilizokuwa zimebanwa chini ya ukingo wa tairi tangu zilipofungwa, au zilizojazwa mpaka ukomo. Kwenye ringi zisizo na ndoano hizo psi 8 zina maana, kwa hiyo huko ndiyo, punguza. Mimi ningesema: laza na 60, asubuhi ongeza kwa pampu kubwa, na uizungushe kila gurudumu uone kama lina uvimbe.

Usiongeze hadi 100 kwa kuogopa meno ya nyoka. Tairi ya 28 kwa mtu wa kilo 70 na ushee, psi 70 hadi 75 inatosha kabisa.

---

JiraniWaKivu

Karibu Rubavu. Vifaa vyote njoo navyo. Mafundi wa baiskeli huku ni wengi na mikono yao ni mizuri, ila kazi yao ni baiskeli za mizigo na za abiria: tyubu za inchi 26 na 28, vali nene ya gari au ya kizamani. Tyubu ya 700 yenye vali nyembamba ya mm 80 usitegemee kuikuta jioni ya kuamkia mashindano. Beba pia kile kiadapta cha shaba cha kugeuza vali nyembamba iwe ya gari, maana pampu za huku na za vituo vya mafuta ni za vali nene. Ni kidogo kama kifuniko cha kalamu, kifunge kwenye vali ya tyubu ya akiba kisipotee.

Kutoka Kigali kuja huku ni saa tatu na zaidi kwa gari, milima na kona mwanzo mwisho. Boksi la baiskeli liwekwe upande wa cheni ukitazama juu, na mtu asiweke sanduku juu yake.